Dawa ya Unga, Maji na Bomba: Kukokotoa Dozi ya Sindano Bila Kubahatisha

Bomba la sindano linapima mililita. Dawa imeandikwa kwa miligramu au kwa uniti, na dozi ya mtoto inatokana na kilo zake. Ukivuka vibaya kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, mgonjwa anapata nusu ya dawa au mara kumi yake, na kwa macho dawa yote ni maji meupe. Kosa linalojificha kuliko yote ni la kugawanya kwa maji uliyotia, badala ya kugawanya kwa ujazo uliopatikana baada ya unga kuyeyuka. Hilo ndilo tutakalolirudia hapa mpaka likukae.

Mwongozo huu ni wa muuguzi au tabibu aliye zamu ya usiku peke yake, tuseme zahanati ya Nanyumbu au Liwale, ambako mfamasia wa kumuuliza hayupo. Dozi zilizotajwa ni za Shirika la Afya Duniani (WHO). Mwongozo wa taifa wa matibabu, au karatasi iliyomo ndani ya boksi, ukisema tofauti, fuata huo.

Kilo kwanza

Hesabu nzuri juu ya uzito wa kukisia ni hesabu mbaya. Mpime mtoto akiwa amevuliwa nguo nzito, na mizani ianze kwenye sifuri. Kama mizani iliyopo ni ya kusimama tu, mpime mama akiwa amembeba, kisha mpime mama peke yake, utoe. Msimu wa korosho kuna mizani kila ghala, na wapo wanaoshawishika kumpeleka mtoto huko. Mizani ya gunia haifai: kosa lake la nusu kilo si kitu kwa korosho, lakini kwa mtoto wa kilo 3 ni sehemu ya sita ya dozi.

Usitumie uzito wa kadi ya kliniki wa miezi miwili iliyopita, hasa kwa mtoto aliyeharisha. Ikishindikana kabisa kupima, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 zidisha umri kwa 2, ongeza 8. Mtoto wa miaka 3 atakuwa na kilo 14 hivi. Andika kwenye faili kwamba uzito huo umekadiriwa, ili anayempokea apime upya.

Unga una nafasi yake

Glasi iliyojaa maji pomoni ukiitia sukari, itamwagika. Unga wa dawa nao unachukua nafasi ndani ya kichupa. Penisilini ya fuwele (benzilipenisilini) ya uniti milioni 5 inachukua karibu mililita 2. Ukitia maji ya sindano 8 ml, unapata 10 ml, na kila mililita ina uniti 500,000. Ukitia 10 ml kwa kuwa namba 10 ni rahisi kichwani, unapata 12 ml, na kila mililita ina uniti 417,000 hivi. Ukiendelea kuamini kwamba ni 500,000, kila mgonjwa wa kichupa hicho anapungukiwa kama asilimia 17. Hakuna atakayeona. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo ndiye atakayelipa.

Kichupa cha uniti milioni 1 kinachukua 0.4 ml: tia 1.6 ml upate 2 ml, nguvu ile ile ya 500,000 kwa mililita. Ampisilini ya 500 mg nayo inachukua 0.4 ml: tia 2.1 ml upate 2.5 ml, yaani 200 mg kwa mililita. Seftriaksoni ya gramu 1, kwa sindano ya mshipa, inatiwa 9.6 ml ili ifike 10 ml, yaani 100 mg kwa mililita.

Viwanda vinatofautiana kidogo. Kama karatasi ya boksi imepotea au imeandikwa kwa lugha usiyoisoma, ipo njia isiyohitaji kujua nafasi ya unga: tia maji pungufu kidogo, yeyusha, vuta dawa yote kwenye bomba la 10 ml, kisha ongeza maji ndani ya bomba mpaka mstari wa 10. Hapo ujazo wa mwisho umeusoma kwa macho yako. Njia hii inafaa vichupa vinavyoyeyuka vizuri na kutoka chote. Kichupa kikibaki na tone kubwa ubavuni, hukuvuta chote.

Na kama mgonjwa anapewa kichupa kizima, kwa mfano mtu mzima anayepewa seftriaksoni gramu 1, nafasi ya unga haikuhusu. Dawa yote inaingia, iwe kwenye 10 ml au 11. Hesabu hii ni ya anayepewa sehemu ya kichupa, na huyo kwa kawaida ni mtoto.

Hesabu yenyewe ni mistari mitatu

Iandike kwenye karatasi hata kama unaijua kichwani:

Dozi = kilo × kiasi cha dawa kwa kilo.
Nguvu = dawa yote iliyomo kichupani ÷ ujazo wa mwisho.
Mililita za kuvuta = dozi ÷ nguvu.

Mtoto wa kilo 9, penisilini uniti 50,000 kwa kilo: 9 × 50,000 = 450,000. Nguvu ni 500,000 kwa mililita. 450,000 ÷ 500,000 = 0.9 ml.

Mtoto wa kilo 6, ampisilini 50 mg kwa kilo: 300 mg. 300 ÷ 200 = 1.5 ml.

Mtoto wa kilo 7, seftriaksoni 80 mg kwa kilo: 560 mg. 560 ÷ 100 = 5.6 ml.

Kabla ya kuvuta, jiulize swali moja: je, jibu linaelekea kuwa kweli? Mtoto wa kilo 9 ni mdogo, na dozi yake inapaswa kuwa sehemu ndogo ya kichupa cha mtu mzima. Hesabu ikikutaka ufungue vichupa vinne kwa mtoto mmoja, kuna sifuri imezidi. Na ikitokea mililita 0.02, ama sifuri imepungua ama dawa inahitaji kuzimuliwa kwanza.

Sifuri ndizo wauaji hapa. Andika 0.5, usiandike .5, maana nukta peke yake inapotea kwenye karatasi ya faili iliyochakaa. Andika 5, usiandike 5.0, maana itasomeka 50. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Ukiona kibandiko kimoja kinasema mikrogramu na kingine miligramu, geuza vyote viwe kimoja kabla ya kugawanya, kamwe usigeuze katikati ya hesabu.

Artesuneti: dawa moja, nguvu mbili

Mtwara ni miongoni mwa mikoa ya nchi yenye malaria nyingi, na Lindi haiko mbali, kwa hiyo dawa hii tunakaa nayo zaidi. Hapa kosa la kawaida si la nafasi ya unga, kwa sababu unga wake ni kidogo na haubadilishi ujazo wa kuhesabika. Kosa ni la kuchanganya kwa nguvu moja na kuhesabu kwa nyingine.

Kichupa cha 60 mg kinakuja na ampuli ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, ya 1 ml, na ampuli ya maji ya chumvi ya 0.9%, ya 5 ml.

1. Tia baikaboneti yote 1 ml kwenye unga. Zungusha kichupa taratibu. Kitakuwa na ukungu, kisha ndani ya dakika moja hivi kitakuwa angavu. Kisipotakata, kitupe.
2. Baikaboneti inatoa gesi inapokutana na artesuneti, kwa hiyo kuna shinikizo ndani. Itoe hewa kwa sindano kabla ya kutia maji ya chumvi, vinginevyo pistoni itarudishwa nyuma na dawa itaruka.
3. Kwa mshipa: tia maji ya chumvi 5 ml. Jumla ni 6 ml, nguvu ni 10 mg kwa mililita.
4. Kwa msuli: tia maji ya chumvi 2 ml tu. Jumla ni 3 ml, nguvu ni 20 mg kwa mililita.
5. Andika papo hapo kwenye kichupa: "10" au "20", na saa.

Usitumie maji ya sindano matupu kuzimulia artesuneti. Usichukue baikaboneti ya asilimia 8.4 iliyo kwenye kabati la dharura kuziba pengo la ampuli iliyovunjika. Nguvu yake ni nyingine.

Dozi ni 3.0 mg kwa kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na 2.4 mg kwa kilo kuanzia kilo 20. Usishangae mtoto wa kilo 19 akipata 57 mg na wa kilo 20 akipata 48 mg. Si kosa la uchapaji, miili midogo huisafisha dawa hii haraka zaidi. Ukishapata mililita, kadiria kwenda juu mpaka mililita kamili inayofuata.

Mtoto wa kilo 12: 12 × 3.0 = 36 mg. Kwa mshipa 36 ÷ 10 = 3.6, unampa 4 ml. Kwa msuli 36 ÷ 20 = 1.8, unampa 2 ml. Sasa tazama hatari: ukichanganya ya mshipa halafu ukavuta 2 ml za msuli, umempa 20 mg badala ya 36. Ndiyo maana ile namba "10" au "20" kwenye kichupa haina mbadala.

Mtu mzima wa kilo 55: 55 × 2.4 = 132 mg, yaani vichupa 3. Kwa mshipa 13.2, kadiria 14 ml. Kwa msuli 6.6, kadiria 7 ml, na hizo zigawe mapaja mawili, maana hakuna msuli mmoja unaopaswa kubeba zaidi ya 5 ml. Vichupa vya 30 mg na 120 mg vipo pia; cha 30 kinatumia nusu ya kila kitu, cha 120 mara mbili. Soma kibandiko, rangi ya boksi haitoshi.

Kwa mshipa isukume polepole, dakika 1 hadi 2. Dozi ni saa 0, saa 12, saa 24, kisha mara moja kwa siku, na mgonjwa apate angalau tatu hata kama amezinduka na anaomba uji, ndipo ahamie kwenye vidonge vya mseto vya malaria, dozi kamili. Zahanati inayompa rufaa kwenda hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda inatoa ile ya kwanza kwa msuli na kuandika saa na miligramu kwenye barua. Ukiandika "artesuneti 2 ml" tu, anayempokea hawezi kujua ni 20 mg au 40.

Kusoma bomba

Kila bomba lina mistari yake, na si kila bomba linafaa kila dozi. La 1 ml lina mistari ya 0.01. La 2 ml, ya 0.1. La 5 ml, ya 0.2. La 10 ml linakuja kwa aina mbili: mistari ya 0.2 au ya 0.5, kutegemea kiwanda. Ile seftriaksoni ya 5.6 ml inasomeka kwenye ya 0.2, kwenye ya 0.5 utakuwa unakisia kati ya 5.5 na 6. Chagua bomba dogo kuliko yote linaloweza kubeba dozi nzima kwa mkupuo mmoja.

Soma kwenye ukingo wa mpira unaogusa dawa, ule wa juu ulio karibu na sindano. Mpira una kingo mbili zinazogusa bomba, na anayesoma ya nyuma anakosea kwa kiasi kile kile kila siku bila kujua. Bomba liwe wima mbele ya macho. Ukiliinua juu sana au ukilishusha kifuani, mstari utahama.

Mapovu: gonga bomba kwa ukucha, hewa ipande, isukume nje, kisha soma tena. Watu wengi wanatoa hewa na kusahau kusoma mara ya pili, na hewa ilikuwa imekaa mahali pa dawa. Povu kubwa kwenye bomba la 1 ml linaweza kuwa sehemu ya kumi ya dozi.

Kama kuna mwenzako, mwombe asome kabla hujamwambia jibu. "Kaka, naomba unisomee hili bomba" ni swali. "Kaka, hii si ni 1.4?" si swali, ni kumwomba akubali.

Kichanga, jentamisini na dawa iliyobaki kichwani mwa bomba

Jentamisini inakuja tayari ni maji, 80 mg kwenye ampuli ya 2 ml, yaani 40 mg kwa mililita. Kichanga wa kilo 2.8 akipewa 5 mg kwa kilo anahitaji 14 mg, sawa na 0.35 ml. Kwenye bomba la 2 ml hiyo haisomeki. Kwenye la 1 ml inasomeka, na hilo ndilo la kutumia. Likikosekana, zimua: vuta ampuli yote 2 ml kwenye bomba la 10 ml, ongeza maji ya sindano 6 ml. Sasa una 80 mg ndani ya 8 ml, 10 mg kwa mililita, na dozi ni 1.4 ml.

Kwa nini usivute 0.35 ml kisha ukaongeza maji juu yake ndani ya bomba dogo? Kwa sababu kwenye shingo ya bomba na ndani ya sindano kuna dawa ambayo mistari haiihesabu, inaweza kuwa 0.05 hadi 0.1 ml. Ukichoma kawaida, dawa hiyo inabaki pale pale na haina madhara. Ukivuta maji, inasombwa kuingia ndani na kuwa sehemu ya dozi. Tuseme ni 0.07 ml: mara 40 ni 2.8 mg, asilimia 20 juu ya zile 14. Kwa jentamisini, ambayo huumiza figo na masikio, hilo si dogo. Ukizimua ampuli nzima kwenye bomba kubwa, kosa lile lile linashuka chini ya asilimia 4.

Uniti si mstari, na mstari si mililita

Bomba la insulini limechorwa uniti, na uniti hizo ni za insulini yenye nguvu 100 kwa mililita peke yake. Uniti 1 ni 0.01 ml. Angalia ukubwa wake: la 1 ml kwa kawaida lina mstari kila uniti 2, la 0.5 ml kila uniti 1. Aliyezoea moja akapewa jingine atatoa dozi mara mbili au nusu kwa kuhesabu mistari badala ya kusoma namba. Likikosekana, bomba la 1 ml la mistari ya 0.01 linafaa: uniti 12 ni 0.12 ml. La 2 ml au 5 ml halifai kabisa. Na andika neno "uniti" lote. Herufi U ikiandikwa haraka baada ya 10 inageuka 100.

Uniti za penisilini hazina undugu na hizo. Kuna anayesikia "uniti" na kunyoosha mkono kwenye bomba la insulini.

Homoni na peptidi nyingine za unga, kwa mfano glukagoni ya 1 mg inayotiwa 1 ml ya maji yake, zinafuata mistari mitatu ile ile. Tuseme kichupa kina 5 mg na ujazo wa mwisho ni 2 ml: nguvu ni 2.5 mg kwa mililita. Anayetakiwa kupata 0.25 mg anavuta 0.1 ml, ambayo kwenye bomba la insulini ni namba 10. Namba 10 hapo haina maana ya uniti 10 za dawa, ni 0.1 ml tu, na kwenye faili uandike miligramu na mililita. Dawa hizi hazitikiswi. Maji yateremke ubavuni mwa kichupa na uyazungushe kwenye viganja, maana povu linaziharibu. Maji yenye pombe ya benzili, yanayohifadhiwa kwa kutumiwa mara nyingi, hayapewi vichanga. Vichupa vya peptidi za kupunguza mwili vinavyouzwa mitandaoni bila usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) havina hesabu inayoweza kusaidia, kwa kuwa ile namba ya kwanza, dawa iliyomo, hakuna aliyeithibitisha.

Visivyochanganyika, na saa

Seftriaksoni haikutani na dripu ya Ringa lakteti wala kitu chochote chenye kalsiamu, hata kwenye mrija mmoja. Ikichanganywa na lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 1 kwa ajili ya msuli (gramu 1 kwa 3.5 ml) haiingii mshipani kamwe, andika "MSULI" kwa herufi kubwa. Dawa mbili tofauti hazikai bomba moja, na kati ya moja na nyingine safisha kanula (kijirija kilichomo mshipani) kwa maji ya chumvi.

Chanjo za unga zinatumia maji yake tu, ya kiwanda kile kile, yaliyopozwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuchanganya. Ya surua na rubela ya dozi 10 inatiwa 5 ml, kila mtoto 0.5 ml. Zikipita saa 6, au kliniki ikifungwa kabla, inamwagwa.

Artesuneti iliyochanganywa inatumika ndani ya saa 1. Ampisilini vivyo hivyo. Joto la pwani haliongezi muda, na jokofu la zahanati linalotegemea umeme unaokatika si mahali pa kuweka kichupa "cha kesho". Kibandiko cha plasta juu ya kila kichupa kilichofunguliwa kiwe na vitu vinne: jina la dawa, nguvu kwa mililita, saa ya kuchanganya, na herufi za aliyechanganya. Kichupa kisicho na kimojawapo kinaenda kwenye pipa la taka za dawa, hata kama kimebaki kimejaa.